Plazmini ikikosekana na yai bado linatoka, nani anatoboa ukuta wa folikuli?

Folikuli_Moja:

Wakuu, habari za jioni. Nina maswali matatu kuhusu vimeng'enya vinavyovunja protini (proteasi) wakati wa ovulesheni, yaani yai linapotoka kwenye folikuli, kifuko chake ndani ya ovari.

Kwanza. Vitabu vingi vya kufundishia bado vinaeleza hivi: homoni ya LH inapanda ghafla, seli za granulosa, zilizo ndani ya folikuli, zinatoa viamsha-plazminojeni, plazminojeni inageuka plazmini, plazmini inaamsha kolajenasi (proteasi inayokata kolajeni), kolajenasi inakula ukuta, yai linatoka. Lakini panya wadogo (mouse) waliofutiwa jeni ya plazminojeni wanaachilia mayai karibu sawa na wenzao wazima. Sasa nani anatoboa?

Pili. Nina zaimografia ya jelatini (jeli ambayo kimeng'enya huacha mkanda mahali kilipoila) ya ovari za panya wadogo waliochomwa PMSG (homoni ya kukuza folikuli) na baadaye hCG (homoni inayofanya kazi ya LH), saa 0, 4, 8 na 12. Ovari nzima imesagwa, mikrogramu 20 za protini kwa kila kisima. Mkanda wa kilodaltoni 72 upo saa zote kwa upana uleule. Karibu na 92 kuna mkanda hafifu unaopanda kidogo saa ya 12. Je, hii inamaanisha jelatinasi, yaani MMP-2 na MMP-9, hazishiriki? Kwenye jeli hiyohiyo kuna maji ya folikuli za ng'ombe kutoka machinjioni, na hayo yana doa pana karibu na 66 linalopinda kila kitu.

Tatu. Hailuronidasi inayotumika kuvua seli za kumulasi (zinazolizunguka yai) maabara nayo ni ya kundi hili? Nimesikia pande zote mbili.

Kolajeni_Tatu:

Mkuu, nianze na la kwanza, maana likieleweka hilo, jeli yako nayo itasomeka.

Kitu cha kuondoa kichwani mapema ni picha ya puto linalojazwa maji mpaka linapasuka. Mwaka 1963 Espey na Lipner walipima shinikizo ndani ya folikuli za sungura, wakakuta linakaa kwenye milimita 15 hadi 20 za zebaki, halipandi kwa kiasi cha kueleza mpasuko. Kinachobadilika ni ukuta: unapoteza nguvu mpaka shinikizo lilelile la kawaida linatosha. Wazo kwamba maji ya folikuli yana kitu kinachomeng'enya ukuta ni la zamani, Schochet alilitoa mwaka 1916. Mwaka 1975 Beers akaonyesha kwamba ukiloweka vipande vya ukuta wa folikuli ya ng'ombe kwenye plazmini, vinavutika na kukatika kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo mnyororo wa vitabuni ulipopata nguvu, na haukuwa wa kubuni. Plazminojeni imejaa kwenye maji ya folikuli, na viamsha-plazminojeni hupanda baada ya LH: kwa panya wakubwa (rat) hasa ile aina ya tishu, tPA, kwa panya wadogo hasa ile ya urokinasi, uPA.

Kisha yakaja majaribio ya kufuta jeni. Mwaka 1995 kikundi cha Umeå, Sweden, kilionyesha kwamba ukifuta tPA peke yake, au uPA peke yake, ovulesheni haiguswi. Ukifuta zote mbili, mayai yanapungua kwa takriban asilimia 26. Mwaka 1999 walipofuta plazminojeni yenyewe, punguzo lilikuwa dogo mno. Mwaka 2006 wakawapa panya wasio na plazminojeni dawa ya galardini, inayozuia metaloproteinasi (MMP) nyingi kwa pamoja, na bado mayai yalitoka. Upungufu ulikuwa kama moja ya tano, na wasio na plazminojeni hawakuumia kuliko wazima.

Hapa watu wengi huteleza na kusema "basi proteasi hazina kazi". Hapana. Majaribio hayo yanasema hakuna proteasi moja ya familia hizo ambayo mpasuko mzima wa panya mdogo umening'inia juu yake. Mnyama mwingine ana habari tofauti. Kwa kondoo, kingamwili dhidi ya MMP-2 ikiingizwa ndani ya folikuli inazuia mpasuko. Kwa nyani aina ya rhesus, galardini ileile ikichomwa moja kwa moja ndani ya folikuli iliyo karibu kupasuka, nayo inazuia. Dawa iliyochomwa ndani ya folikuli na dawa iliyozunguka mwili mzima hazifikii ukuta kwa kiwango kimoja, na ukuta wa folikuli ya nyani una kolajeni nyingi na nene kuliko ule wa panya mwenye gramu 15. Usichukue matokeo ya panya mdogo ukayavika wanyama wote.

Kwa hiyo badala ya "kimeng'enya gani", uliza "hatua gani". Chora ukuta kutoka ndani kwenda nje: seli za granulosa, utando wa msingi wenye kolajeni ya aina ya IV na laminini, theka ya ndani yenye mishipa ya damu, theka ya nje yenye kolajeni ya I na III, kisha tunika albujinea ambayo nayo ni kolajeni tupu, na juu kabisa safu moja ya seli za uso wa ovari. Kila tabaka lina nyenzo yake na mkasi wake.

Kolajeni ya I na III ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba. Kamba hiyo ikiwa nzima, jelatinasi haiwezi kuikata vizuri. Kwanza lazima ije kolajenasi yenyewe, MMP-1 kwa binadamu na ng'ombe, MMP-13 kwa panya, au MMP-14 iliyosimama kwenye utando wa seli. Inakata mahali pamoja, robo tatu ya urefu wa kamba. Vipande viwili vinavyobaki haviwezi kujishikilia kwenye joto la mwili, vinajifumua na kuwa jelatini. Hapo sasa MMP-2 na MMP-9 zinamalizia. Angalia mpangilio huo, kisha rudi kwenye jeli yako: umepima anayekuja nyuma, hujampima anayetangulia.

Kuna na breki. LH ileile inayowasha MMP inapandisha TIMP-1, kizuizi chake, ndani ya ovari hiyohiyo. Watu hushangaa, lakini ndiyo sababu ovari haiyeyuki yote. Tundu linatakiwa liwe moja, kileleni, kwenye upande wa uso. Ovari ikitazamwa kwa darubini muda mfupi kabla ya mpasuko, folikuli imevimba nje, na pale juu kabisa damu imeacha kupita kwenye mishipa midogo, kumebaki duara jeupe lililozungukwa na wekundu. Maji yanaanza kuvuja kidogo kidogo kupitia duara hilo, kisha kumulasi inatoka polepole, inavutika kama ute wa bamia. Kutoboa hapo bila kubomoa pembeni ni kazi ya mahali, ya saa, na ya uwiano kati ya mkasi na breki.

Halafu kuna mkasi ambao mnyororo wa vitabuni hauutaji kabisa, ADAMTS-1. Mwaka 1995 Lydon na wenzake walifuta kipokezi cha projesteroni kwa panya. Folikuli zinakua hadi ukubwa kamili, LH ipo, lakini ukuta haupasuki, na yai linabaki limefungiwa ndani ya tishu inayogeuka kuwa korpasi luteamu, mwili wa njano unaotoa projesteroni. Mwaka 2000 Robker na wenzake wakaonyesha kwamba panya hao hawapandishi ADAMTS-1 wala kathepsini L, proteasi nyingine, kama inavyotakiwa baada ya LH. ADAMTS-1 hukata vesikani, protini kubwa inayopatikana ukutani na ndani ya ute wa kumulasi. Panya wasio na ADAMTS-1 huachilia mayai machache. Kwa maoni yangu hii ndiyo proteasi yenye ushahidi mzito zaidi wa jeni kwenye ovulesheni ya panya, na bado wahitimu wengi hawajawahi kuisikia.

Na usifikiri proteasi zinangoja mwisho. Saa chache tu baada ya LH, seli za granulosa zinatengeneza protini za ujumbe: amfiregulini, epiregulini na betaselulini. Hizo huzaliwa zikiwa zimefungwa kwenye utando wa seli, na lazima zikatwe ziachiwe ndipo zifike kwenye kipokezi cha EGF. Kwa nguruwe imeonyeshwa kwamba mkataji ni ADAM17: ukiizuia, kumulasi haitanuki vizuri na yai halikomai kama inavyotakiwa. Kwa hiyo proteasi ya kwanza kufanya kazi haikati ukuta kabisa, inafungua ujumbe.

Jeli_ya_Bluu:

Nakubaliana na Kolajeni_Tatu, nami nishike swali la pili, kwa sababu jeli hiyo ina matatizo kama matano na kila moja linatibika.

La kwanza: upana wa mkanda wa 72 haubadiliki kwa sababu umejaza kupita kiasi. MMP-2 ya ovari ni nyingi. Kwa mikrogramu 20 na usiku mzima wa kumeng'enya, jelatini yote ya mahali hapo imeshaliwa, na ukiongeza kimeng'enya mara mbili hutaona tofauti. Endesha mfululizo wa 2.5, 5, 10 na 20 kutoka sampuli moja, uone ni wapi mkanda unaongezeka sawasawa na kiasi ulichoweka. Linganisha sampuli zako ndani ya eneo hilo tu.

La pili: zaimografia haikuonyeshi kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya ovari. SDS (sabuni kali) ya kwenye jeli inaifungua proMMP (MMP iliyolala), na ukiisafisha kwa Triton (sabuni laini) inajikunja upya na kufanya kazi hata kama mwilini ilikuwa imelala. Pia SDS inaivua TIMP kutoka kwa MMP. Kwa hiyo mkanda unaoitwa "72" ni MMP-2 iliyolala, na jeli imeiamsha. Mabadiliko yanayostahili kutafutwa ni mkanda mdogo chini yake, wa kama 62 hadi 66, ambao ndio umekatwa na kuamshwa mwilini. Jeli yako ikiendeshwa kwa muda mfupi, mikanda hiyo miwili inaungana na hutaiona. Iendeshe mpaka alama ya 50 ifike karibu na mwisho.

La tatu: kwa panya mdogo, proMMP-9 haisimami kwenye 92. Hiyo ni ya binadamu. Ya panya mdogo husimama karibu na 105. Huo mkanda wako wa "92" unaweza kuwa umbo lililoamshwa, au ni ngazi yako ya vipimo iliyochemshwa na kutiwa DTT (kemikali inayovunja viunga vya protini) ilhali sampuli hazikutiwa. Weka kisima kimoja cha MMP-2 na MMP-9 zinazojulikana, basi mjadala unakwisha.

La nne: MMP-9 inayopanda saa ya 12 inaweza kuwa ya damu. Nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) hubeba MMP-9 nyingi, na wakati wa ovulesheni huingia kwenye theka kwa wingi. Osha mishipa ya mnyama kwa maji ya chumvi ya kawaida kupitia moyo kabla ya kutoa ovari. Ukitaka kujua inatoka kwa nani, kata vipande na utumie kingamwili ya nyutrofili sambamba na ya MMP-9. Simaanishi kwamba MMP-9 ya nyutrofili haihusiki. Ila usiiandike kuwa ya granulosa.

La tano ni lile doa la 66. Hilo ni albumini. Maji ya folikuli yana protini nyingi zilizochujwa kutoka damuni, na baada ya LH mishipa ya theka inavuja zaidi. Ukiweka mikrolita 5 bila kupunguza makali, albumini inasukuma jeli, mikanda inapinda kama tabasamu, na MMP-2 iliyoamka inafichwa palepale ulipotaka kuiona. Changanya sehemu 1 ya maji na sehemu 20 hadi 50 za bafa, pakia kidogo. Njia safi zaidi ni kupitisha sampuli kwenye shanga za jelatini-sefarozi: jelatinasi zinanasa, albumini inapita.

Utaratibu ninaoushauri: saga ovari kwenye barafu katika Tris milimola 50, pH 7.5, NaCl milimola 150, Triton asilimia 1, pamoja na kizuizi cha proteasi za serini kama aprotinini. Usitie EDTA (inayoondoa metali ambazo MMP inazihitaji), usitie DTT wala merkaptoethanoli, usichemshe. Jeli ni asilimia 10 yenye jelatini miligramu 1 kwa mililita. Iyeyushe kwenye nyuzi 60, lakini iache ipoe kabla ya kuichanganya, la sivyo jeli itaganda mkononi. Endesha ukiwa umezungushia barafu. Osha kwa Triton asilimia 2.5 mara mbili hadi tatu, nusu saa kila mara, kwa kutikisa. Ukiharakisha hapa SDS inabaki na hutaona kitu asubuhi. Kisha Tris milimola 50, pH 7.5, yenye CaCl2 milimola 5 hadi 10 na zinki mikromola 1, nyuzi 37, saa 16 hadi 20. Paka Coomassie asilimia 0.5, kisha fua mpaka mikanda iwe wazi kwenye uwanja wa bluu.

Kata jeli vipande vitatu kabla ya kumeng'enya: kimoja bafa tupu, kimoja na EDTA milimola 20, kimoja na PMSF milimola 1. Mkanda unaopotea kwenye EDTA ni metaloproteinasi. Unaopotea kwenye PMSF ni proteasi ya serini. Bila vipande hivyo, mkanda ni mkanda tu, huwezi kuupa jina.

Kwa tPA na uPA unatumia jeli tofauti: kaseini badala ya jelatini, ukachanganya na plazminojeni. tPA inaonekana karibu na 70, uPA ya panya mdogo kidogo chini ya 50. Tengeneza na jeli pacha isiyo na plazminojeni. Mkanda unaobaki kwenye pacha si kiamsha-plazminojeni, ni kitu kinachokula kaseini chenyewe.

Folikuli_Moja:

Asante sana wakuu. Kwa hiyo kama nataka shughuli halisi, ile iliyoponyoka TIMP, na nataka kujua iko kileleni au kwenye msingi wa folikuli, ovari iliyosagwa hainipi. Nifanye nini? Na swali la tatu bado.

Jeli_ya_Bluu:

Zaimografia ndani ya kipande. Gandisha ovari mbichi, usiifikshe kwa formalini maana unaua kimeng'enya. Kata mikromita 8 hadi 10. Funika kwa jelatini yenye rangi iliyozimwa, ile inayowaka kijani ikikatwa, mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita ndani ya agarozi ya asilimia 1 inayoganda kwa joto la chini. Iache kwenye chumba chenye unyevu, giza, nyuzi 37, ukipiga picha baada ya saa 1, 2 na 4. Ukingoja usiku mzima kila kitu kinakuwa kijani na kileleni hapatofautiani na pengine. Kipande cha jirani kiwe na EDTA, kingine kikae kwenye friji. Ovari ina rangi yake ya asili inayowaka, hasa kwenye korpasi luteamu ya zamani, kwa hiyo piga picha kabla ya kuweka jelatini. Panya wasiobalehe wa siku 23 hadi 25 hawana korpasi luteamu za zamani, tumia hao.

Ukitaka namba, tumia peptidi inayowaka kwenye maji ya folikuli, nusu ya visima bila kitu na nusu na APMA milimola 1 inayoamsha MMP zote zilizolala. Tofauti ya visima hivyo inakuonyesha akiba iliyolala. Tahadhari moja ambayo imewaangusha wengi: alfa-2-makroglobulini ya damu hufungia proteasi kama mtego wa samaki. Iliyonaswa haiwezi kugusa kolajeni, lakini peptidi ndogo inapenya ndani ya mtego na kukatwa. Utapata namba kubwa ya kimeng'enya ambacho mwilini hakina kazi. Thibitisha kwa kolajeni ya I iliyo nzima, yenye rangi, kwenye joto lisilozidi nyuzi 30 ili kamba isijifumue yenyewe.

Kolajeni_Tatu:

Swali la tatu: hapana. Hailuronidasi hukata hailuronani, ambayo ni mnyororo wa sukari. Haina protini ndani yake, kwa hiyo hailuronidasi si proteasi. Inavua kumulasi kwa sababu ute ule umejengwa juu ya hailuronani.

Ila mkanganyiko una chanzo chake. Mnyororo wa sukari peke yake hausimami. Unashikiliwa na minyororo mizito ya protini inayotoka kwenye kizuizi-inta-alfa cha damu, inayounganishwa na protini TSG-6, pamoja na vesikani. Kizuizi hicho kina kipande chepesi, bikunini, ambacho ni kizuizi cha proteasi za serini. Panya wasio na bikunini hutoa mayai ambayo kumulasi imeyatoka, na uzazi wao unaporomoka. Kwa hiyo proteasi ikizidi, au nguzo za protini zikikosekana, ute unaanguka hata bila hailuronidasi. Ukitumia tripsini kuvua, utafanikiwa, lakini unakula na protini za zona pelusida, ganda la yai. Usifanye hivyo. Hailuronidasi mikrogramu 300 kwa mililita, dakika chache, uoshe mara tatu.

Mkunga_Mtafiti:

Niongeze upande wa binadamu, maana hapa ndipo elimu hii inapogusa wanawake wanaoketi mbele yetu.

Prostaglandini E2 inayotengenezwa na kimeng'enya COX-2 ni kiungo cha lazima kati ya LH na mpasuko. Panya wa kike wasio na COX-2 hawaachilii mayai kawaida. Kwa panya wakubwa waliopewa indomethasini (dawa inayozuia COX) kuna jambo la kuangalia kwa makini: baadhi ya folikuli hupasuka, lakini pembeni au kwenye msingi, na yai linasukumwa ndani ya tishu ya ovari badala ya nje. Nguvu ya kuvunja ipo, uelekeo ndio uliopotea. Hilo linaenda sambamba na alichosema Kolajeni_Tatu kuhusu kileleni.

Kwa mwanamke, diklofenaki, indomethasini, naproxeni, meloksikamu au etorikoksibu zikitumiwa kila siku katikati ya mzunguko zinaweza kuleta folikuli isiyopasuka ambayo inageuka kuwa korpasi luteamu huku yai likiwa ndani. Na hapa kipimo cha maabara kinadanganya. LH imepanda, kipimo cha mkojo kinasema ndiyo. Projesteroni ya siku ya 21 iko juu, daktari anasema "yai limetoka". Projesteroni inapanda kwa sababu seli zimegeuka, si kwa sababu ukuta umetoboka. Ni ultrasaundi ya mfululizo tu inayoonyesha: folikuli iliyofika milimita 18 hadi 24 haisinyai, inaongezeka, ukuta wake unanenepa, ndani yake kunatokea mawingu. Kwa mama anayetafuta ujauzito na anameza diklofenaki ya mgongo kila siku, uliza kuhusu dawa hiyo kabla ya kumwandikia klomifeni, dawa ya kuchochea mayai. Parasetamoli inatosha kwa maumivu mengi. Mwenye ugonjwa wa baridi yabisi asiache dawa peke yake, azungumze na anayemtibu. Athari hii hupita dawa ikisimamishwa.

Njia hiyohiyo ikitumiwa kwa makusudi ni uzazi wa mpango wa dharura. Uliprista miligramu 30 inaziba kipokezi cha projesteroni, kilekile ambacho kwa panya huwasha ADAMTS-1. Ndiyo sababu inaweza kuchelewesha mpasuko hata LH ikiwa imeshaanza kupanda, mpaka saa 120 baada ya tendo, ilhali levonogestreli miligramu 1.5 inabidi iwahi kabla LH haijaanza kupanda. LH ikishafika kileleni, uliprista nayo imechelewa.

Na kwenye IVF (urutubishaji nje ya mwili) saa inahesabiwa kwa sababu ya vimeng'enya hivi. Sindano ya hCG, uniti 5,000 hadi 10,000 au mikrogramu 250 za ile ya kutengenezwa, kisha mayai yanavunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Ukivuna mapema mno, kumulasi bado imeshikamana na ukuta, unavuta maji matupu, unaosha folikuli mara tatu na yai haliji. Ukichelewa kupita saa 38 hivi, ukuta umeshakatika na unakuta folikuli zimesinyaa na maji yamemwagika nyuma ya mji wa mimba. Mgonjwa akichoma sindano saa mbili kinyume na aliyoagizwa, timu nzima inahitaji kujua kabla hajalala mezani. Na hapa kwetu "saa nne usiku" na "22:00" ziandikwe zote mbili kwenye karatasi yake.

Mifugo_Bara:

Kuhusu ng'ombe wa machinjioni, ndugu Folikuli_Moja, sampuli hizo zinaweza kukupoteza zaidi ya albumini. Ng'ombe hupandisha LH karibu na mwanzo wa joto, na folikuli hupasuka kama saa 28 baadaye, yaani saa 10 hadi 12 baada ya kuacha kusimama apandwe. Hiyo ndiyo sababu anayeonekana asubuhi hupandishwa kwa mrija jioni. Uwezekano wa ng'ombe aliyeletwa machinjioni kuwa ndani ya dirisha hilo ni mdogo. Folikuli kubwa ya milimita 14 uliyoiokota inaweza kuwa haijaona LH kabisa, au inakufa, na folikuli inayokufa nayo ina MMP zake zinazobomoa.

Angalau ichambue kwanza. Pima estradioli na projesteroni kwenye maji hayohayo. Estradioli ikiwa juu ya projesteroni, folikuli ni hai na bado haijapata LH. Projesteroni ikizidi, aidha imepata LH au inakufa, na hapo utazame seli za granulosa kwa darubini kama viini vyake vimekatikakatika.

Njia ya uhakika ni kupanga mzunguko: prostaglandini, kisha GnRH (homoni inayoamsha LH) mikrogramu 100 folikuli ikiwa imefika angalau milimita 12. Mpasuko unatarajiwa saa 24 hadi 32 baada ya GnRH. Chukua sampuli saa 0, 6, 12, 18 na 22. Ukingoja 24 utapoteza baadhi. Kwa folikuli ya ng'ombe una nafasi ambayo panya hakupi: kata kileleni kipande cha milimita 5 kwa wembe, kata kingine upande wa chini, gandisha vyote kwenye naitrojeni ndani ya dakika chache, na uandike uzito wa kila kimoja kikiwa kibichi. Kipande cha kileleni kitakuwa chembamba na cheupe, hutoa protini kidogo, basi sawazisha kwa protini au DNA, usisawazishe kwa ujazo wa bafa.

Usimpe mnyama flunixini (dawa ya maumivu ya jamii ya diklofenaki) kabla ya kazi hiyo kwa kumwonea huruma ya maumivu ya kuchomwa. Kwa farasi imeonyeshwa kwamba flunixini kwa dozi kubwa inazuia folikuli kupasuka, ikajaa damu ndani. Tumia lidokaini ya uti wa mkia.

Folikuli_Moja:

Nimewaelewa vizuri. Nitaacha sampuli za machinjioni. Kwa panya nitatumia wenye siku 23 hadi 25, PMSG uniti 5, hCG uniti 5 baada ya saa 48, na nitaosha mishipa. Saa zangu 0, 4, 8 na 12 zibaki?

Jeli_ya_Bluu:

Zibaki, ongeza ya 10. Kwa panya mdogo mpasuko unaanza karibu na saa ya 12, kwa hiyo ovari ya saa ya 12 ina folikuli zilizopasuka na zisizopasuka ndani ya chombo kimoja, na ukiisaga unapata wastani wa hali mbili. Saa ya 10 zote bado zimefunga na vimeng'enya viko kazini. Kwa kila mnyama toa mirija ya mayai yote miwili, fungua ampula (sehemu pana ya mrija), hesabu mayai. Kundi jingine lifike saa ya 16 kwa ajili ya hesabu tu, ili ujue hCG ilifanya kazi. Bila hesabu hiyo, ovari isiyojibu sindano na ovari isiyo na MMP zinafanana kwenye jeli.

Na changanya hCG ya sindano kwenye maji ya chumvi siku hiyohiyo. Iliyokaa kwenye friji wiki mbili imeshapoteza makali.